Rivolva Nyepesi ya Urithi au Bastola Mpya ya Magazini: Ipi Ikae Mfukoni?

Kasha langu la chuma lina bastola mbili ndogo. Moja ni rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya risasi tano, fremu ya alumini, mtutu usiofika sentimita tano. Rangi yake nyeusi imelika kwenye ncha ya mtutu na kwenye kingo za silinda, pale inapojisugua na kitambaa kila anayeibeba anapokaa na kuinuka, na sasa panang'aa kama kijiko kilichooshwa miaka mingi. Nyingine ni bastola ya magazini (kisanduku cha risasi kinachochomekwa mpinini), bapa, ya risasi kumi na moja, haina mkwaruzo hata mmoja. Ya kwanza niliachiwa na mjomba. Ya pili niliinunua mwenyewe, kwa akili zangu timamu, baada ya kulinganisha kila kinachopimika. Na bado nikifungua kasha, mkono huenda kwa ya mjomba.

Haya nayaandika kwa aliye kwenye njia panda hiyo hiyo: ana kibali, ana mafunzo, ana silaha yake kuu kiunoni, na anataka ya pili, ya akiba, ya kukaa mfukoni au kwenye kifundo cha mguu. Mara nyingi mtu huyo hachagui kati ya vitu viwili vilivyopangwa kabatini dukani. Anachagua kati ya kitu anachokipenda na kitu ambacho hesabu inamwambia akichukue. Mapenzi nimeyapa nafasi yake humu, waziwazi, kwa sababu yasipopewa nafasi hujipenyeza kila mahali. Utamsikia mtu akisema "rivolva haikwami", kumbe moyoni anasema "hii ilikuwa ya baba".

Mizani kwanza

Rivolva ndogo ya chuma kitupu, kama Chiefs Special ya Smith & Wesson iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1950 kwenye mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado Springs, Marekani (wakuu wenyewe ndio walioipigia kura jina), ina gramu 550 hivi. Ndugu zake wa fremu ya alumini, kama 442 na 642, wanacheza kwenye gramu 420. Ruger LCR iliyotoka mwaka 2009, yenye sehemu ya mpini ya polima, ina 383. Zile za aloi ya skandiamu na silinda ya titaniamu, mfano 340PD, zinashuka hadi 340 au chini kidogo. Upande wa pili, bastola ya magazini SIG P365 ya mwaka 2018 ina gramu 505 ikiwa na magazini tupu.

Zikishapakiwa, rivolva ya alumini inafika kwenye nusu kilo na P365 inakaribia gramu 640. Gramu 140 si kitu mkononi. Zifunge kwenye kifundo cha mguu, mguu uzinyanyue kila hatua kuanzia asubuhi hadi jioni, ndipo utajua ni kitu. Mfukoni pia utajua: bastola nzito inavuta suruali upande mmoja, unajikuta unaipandisha kila baada ya dakika chache, na anayekuangalia anaelewa kuna nini.

Kwa hiyo kwa kubebwa, rivolva inashinda. Tena inashinda kwa umbo kuliko kwa uzito, nitalirudia hilo.

Ila wepesi una historia yake mbaya, na mwenye rivolva ya urithi aijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilitaka rivolva za marubani zilizo nyepesi kupita kawaida, hata silinda zikatengenezwa kwa alumini. Silinda hizo hazikuhimili. Mwishoni mwa muongo huo jeshi likaziondoa kazini na kuagiza ziharibiwe, ndiyo maana chache zilizosalia leo ni za makabati ya wakusanyaji. Watengenezaji wakajifunza: fremu iwe ya alumini, silinda ibaki ya chuma. Hata hivyo fremu za zamani za alumini zina ugonjwa wao. Toa risasi zote, fungua silinda, futa mafuta na masizi, kisha kwa mwanga mkali angalia fremu chini ya pale mtutu unapoingia. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele. Ukiuona, mjadala umekwisha. Hiyo sasa ni ya kumbukumbu, na hakuna risasi nyingine itakayopita humo.

Teke

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo lote.

Risasi ikitoka, bastola inarudi nyuma. Jinsi ilivyo nyepesi, ndivyo inavyorudi kwa kasi zaidi, na kinachoipokea ni nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Siku ya kwanza niliyoipeleka ya mjomba kwenye uwanja wa shabaha nilikuwa na pakiti ya risasi 50 za kujilinda, za .38 Special zenye nguvu ya ziada. Risasi tano za kwanza nilicheka. Za pili nikanyamaza. Silinda ya nne ilipokwisha, kifundo cha kidole cha kati kilikuwa kimepigwa na kilinda triga hadi kikavimba, na nikaanza kufumba macho kabla sijavuta. Nilifunga pakiti ikiwa na risasi 30 ndani. Pakiti hiyo ilinikalia mwaka mzima.

Sasa ona kilichotokea ndani ya mwaka huo. Kwa kuwa ni nyepesi, niliibeba kila siku. Kwa kuwa ni nyepesi, sikuipiga hata siku moja. Mapenzi yalikua kwa sababu ya kubeba: tumekwenda nayo misiba, harusi, safari za usiku, nimeigusa mara elfu kwa juu ya kitambaa kuhakikisha ipo. Ustadi ulipungua kwa sababu ya kutopiga. Nikawa napenda kitu nisichokijua. Nadhani wengi wenye rivolva nyepesi wako hapo, na wanayaita mazoea hayo uzoefu.

Triga nayo ina lake. Rivolva hizi huvutwa kwa nguvu ya kilo 5 na ushee, safari ndefu ya kidole kutoka mbele hadi nyuma. Silaha yenyewe haifiki hata nusu kilo. Unavuta nguvu inayozidi mara kumi uzito wa unachokishika, kwa hiyo usipokuwa na mkono uliozoea, kinachosogea ni mtutu. P365 inataka karibu nusu ya nguvu hiyo, na safari yake ni fupi. LCR inastahili neno jema hapa: mtambo wake wa ndani umepunguza msuguano, triga inakwenda laini kuliko rivolva nyingi za bei yake, na mpini wake wa mpira laini unameza sehemu ya teke. Kama ungekuwa unanunua rivolva mpya bila urithi wowote, ningekuelekeza huko kabla ya kwingine.

Kulenga je? Mtutu wa rivolva ni mfupi, na alama ya kulengea ya nyuma kwenye nyingi za zamani ni mfereji tu uliochongwa juu ya fremu. Bastola mpya zina alama kubwa, nyingine zenye nukta zinazong'aa gizani. Kwenye mita 7, mwanafunzi wa wiki moja akishika P365 anaweka matundu yake ndani ya kiganja. Akishika rivolva ya alumini anaweka ndani ya sahani, akibahatika.

Hizo za skandiamu, tafadhali. Mtu akikuambia anabeba 340PD yenye risasi za .357 Magnum na anafanya nayo mazoezi kila wiki, muulize kwa upole mara ya mwisho ilikuwa lini. Mtutu wake umeandikwa onyo la kutotumia risasi ya kichwa chepesi chini ya grani 120 (grani ni kipimo kidogo cha uzito wa kichwa cha risasi), ili silinda ya titaniamu isilike mapema. Teke nalo lina hatari yake, inayoeleweka vizuri ukifikiria basi linaloondoka kwa ghafla: bastola inaporuka nyuma inavuta maganda ya risasi zilizobaki, lakini vichwa vya risasi vinabaki pale vilipokuwa, kama abiria anayeyumba. Kichwa kinachomoka kidogo kutoka kwenye ganda, kinatokeza mbele ya silinda, na silinda inagoma kuzunguka. Rivolva imekwama, na huna la kufanya kwa mikono mitupu.

"Rivolva haikwami"

Hukwama, na nimekwisha kukutajia namna moja. Nyingine ni punje ya baruti isiyoungua kuingia chini ya nyota inayosukuma maganda: silinda haifungi. Fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia baruti, ikikaa juu kidogo ya kitako cha ganda hugusa fremu na kusimamisha kila kitu. Ufito wa kusukumia maganda ukilegea kwenye nyuzi zake, silinda haifunguki. Kisha kuna vumbi la mfukoni, yale manyoya ya kitambaa, yanayojaa kwenye kila upenyo.

Ukweli ulio karibu na ule usemi ni huu: rivolva hukwama mara chache, lakini ikikwama inataka bisibisi na meza. Bastola ya magazini hukwama kwa sababu nyingi zaidi (mshiko legelege, magazini iliyochakaa, risasi isiyoipenda), lakini nyingi hutatuliwa papo hapo na mkono uliofunzwa. Na risasi mbovu, ile inayogongwa isilie, rivolva huimaliza kwa kuvuta triga tena tu.

Upo uwanja mmoja ambao rivolva haina mpinzani. Ile yenye nyundo iliyofichwa ndani, kama 442, inaweza kufyatuliwa ikiwa ndani ya mfuko wa koti, zote tano, bila kunasa kitu. Bastola ya magazini humo ndani inaweza kutoa moja, kisha sehemu yake ya juu, inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, ikanaswa na kitambaa. Vilevile ukigandamiza mtutu wa bastola nyingi za magazini kwenye mwili wa mtu aliyekukaba, ile sehemu ya juu inasukumwa nyuma na silaha haifyatuki. Rivolva haijali. Silaha ya akiba kazi yake ndiyo hiyo hasa: umeangushwa, mkono wa kulia umeshikwa, silaha kuu imekwenda au imenyang'anywa, na umebaki na mkono wa kushoto na dakika isiyotimia.

Ndiyo maana nasema umbo. Mpini wa mviringo wa rivolva unakaa mfukoni ukiacha nafasi ya vidole kuushika sawasawa. Bastola bapa hulala kwenye kitambaa, vidole vikahangaika kuichomoa. Lijaribu hili mwenyewe, silaha ikiwa tupu na ndani ya ala yake ya mfukoni. Ala si hiari kwa yoyote kati ya hizi mbili: inafunika triga, na mfuko huo haukai kitu kingine, hata ufunguo.

Tano au kumi na moja

Hapa sina mengi. Kumi na moja ni zaidi ya mara mbili ya tano. Kupakia upya bastola ya magazini ni kuchomeka magazini. Kupakia rivolva ndogo ni kumwaga maganda kwa ufito mfupi usioyatoa yote hadi mwisho, moja likabaki limening'inia, kisha kuingiza mpya mbilimbili kutoka kwenye ukanda wa mpira. Askari wa New York walikuwa na jibu lao kwa tatizo hilo: walibeba rivolva ya pili. Kuichomoa kulikuwa haraka kuliko kupakia ya kwanza, na wenye fani mpaka leo huiita mbinu hiyo kupakia kwa mtindo wa New York. Mapenzi mengi ya watu kwa rivolva ndogo ya akiba yametokana na enzi hizo.

Kama hiyo ya mfukoni ndiyo silaha yako pekee, basi tano ni chache, na ningechukua kumi na moja bila kulala nikiwaza. Kama ni ya akiba kweli, idadi inapungua umuhimu.

Neno moja kwa wazee na wenye mikono inayouma: kurudisha nyuma ile sehemu ya juu ya bastola ya magazini kunataka nguvu ya vidole na viganja. Silinda ya rivolva inafunguka kwa kidole gumba. Lakini triga ya kilo 5 nayo inataka kidole. Jaribu zote mbili kabla hujamsikiliza yeyote anayekuambia rivolva ndiyo silaha ya wazee.

Safu ya mapenzi

Polisi wa New York waliruhusiwa bastola za milimita 9 mwaka 1993. Waliokuwa na rivolva tangu zamani wakaachiwa wabaki nazo wakitaka. Wapo waliotaka. Agizo la kuzifuta kabisa kazini lilisubiri hadi Agosti 2018, miaka 25 baadaye, na hadi wakati huo bado kulikuwa na askari wanaotembea na rivolva katikati ya wenzao wenye risasi mara tatu ya zao. Si kwamba hawakujua hesabu. Mtu aliyepigia shabaha silaha moja tangu ujana ana kitu ambacho silaha mpya haimpi siku ya kwanza: mkono unaojua bila kuulizwa.

Hayo ni mapenzi yenye faida. Yapo mengine. Mjomba alisindikiza magari ya fedha kwa miaka mingi, na hii aliivaa mguuni kila siku ya kazi. Hakuwahi kuifyatua kwa mtu. Alipokuwa akiisafisha sebuleni alitandika gazeti la zamani, akapanga risasi tano kwa mstari upande wa kushoto na kuzihesabu kwa sauti kabla na baada. Mpini wake wa mbao una alama ya jino la mbwa. Kisa chake alikisimulia tofauti kila mwaka. Ninapoishika nausikia mkono wake. Hakuna kati ya hayo linalosogeza tundu karibu na kitovu cha shabaha.

Nilipoirudisha uwanjani baada ya ule mwaka, mwalimu wa pale, mama mmoja wa makamo asiye na maneno mengi, alinitazama nikitawanya risasi tano kwenye karatasi nzima. Akaniuliza, "Kaka, hapo unapiga shabaha au unamkumbuka mtu?"

Nikamwambia ukweli. "Ni ya marehemu mjomba."

"Basi mheshimu marehemu. Shika juu zaidi."

Aliniletea risasi za shabaha za kichwa bapa, grani 148, ambazo teke lake ni dogo na kwenye karatasi hutoboa tundu safi la duara kama la mashine ya ofisini. Akabadilisha mpini wa mbao kwa mpira unaoziba ule uwazi nyuma ya kilinda triga, akaniambia wa mbao nikauweke nyumbani. Hilo la mpini liliniuma kuliko nilivyotegemea. Jino la mbwa liko kwenye droo. Lakini nilipiga 50 siku hiyo na mkono haukuvimba.

Kabla sijatoka kwenye mapenzi: ukiwa na Smith & Wesson ya zamani isiyo na tundu dogo la ufunguo juu ya kibonyezo cha silinda, usiiuze kwa haraka. Tundu hilo la kufuli ya ndani lilianza kuonekana baada ya kampuni kubadili mikono mwaka 2001, na wapenzi wengi wa rivolva wanazitafuta zile za kabla yake.

Nani achukue ipi

Huna urithi, huna mazoea, na utafanya mazoezi mara chache kwa mwaka: chukua bastola ya magazini. Itakusamehe makosa ambayo rivolva nyepesi haitakusamehe.

Unataka kitu cha mfuko wa koti au cha mkono wa kushoto, na utakuwa uwanjani kila mwezi: rivolva ya nyundo iliyofichwa, fremu ya alumini au LCR. Ziache za skandiamu kwa wenye moyo wa chuma. Ukiweza kupata na ya chuma kitupu yenye mpini na triga ileile, itakubeba kwenye mazoezi marefu bila kukuumiza, kisha umalizie kwa nyepesi silinda mbili tatu za risasi unazobeba kweli.

Una ya urithi na ina ufa, au silinda inacheza, au huwezi kuipiga 20 bila kufumba macho hata ukiwa na mpira na risasi laini: iweke kasha la chuma, ipakwe mafuta, ipumzike. Kuipenda hakukulazimishi kuibeba. Na usimpe fundi yeyote tu aing'arishe upya. Ile rangi iliyolika ndiyo yenyewe.

Una ya urithi na ni nzima, kama mimi: ipe mtihani. Wangu tulikubaliana na yule mwalimu. Mara moja kwa mwezi, mita 7, risasi tano za kujilinda, mkono mmoja wa kushoto, kwenye karatasi yenye duara la ukubwa wa sahani ya chai. Nne ziingie. Nikishindwa miezi miwili mfululizo, rivolva inalala kasha la chuma na bastola bapa inachukua mfuko, na hakuna kubishana wala kusimulia habari za mjomba.

Mwezi wa kwanza ziliingia mbili. Wa pili nne. Wa tatu nne. Mwezi uliopita zimeingia tatu. Ya nne imekata mstari wa duara nusu kwa nusu, nikaanza kumweleza. Mama akainamia karatasi, akaandika tarehe pembeni na "3", akanirudishia.